Nani Aliandika Mlango

Profesa wetu alikuwa na desturi ya kuingia darasani, kufuta ubao hata ukiwa safi, kisha kuuliza swali kabla hajatusalimia. Siku moja aliuliza: "Mkiokota karatasi barabarani, haina jina, mtajuaje nani aliiandika?"

Mwenzetu mmoja akajibu kwamba angeangalia mwandiko.

"Imepigwa kwa ordinateri, si kwa mkono."

Mwingine akasema angeangalia habari zilizomo. Profesa akacheka. "Habari za mvua? Mvua inawanyeshea watu wote wa mji huu wa Uvira."

Ndipo akatueleza lile somo lililonishika kuliko yote niliyosomeshwa. Alisema mtu anapoandika huyachunga maneno makubwa kama mchungaji anavyochunga ng'ombe wa pembe ndefu: mapenzi, kifo, nchi, Mungu. Maneno madogo hayachungi. Ile *na*, ile *kwa*, ile *ila*, *basi*, *tena*, *lakini*, hutoka yenyewe, na kila mtu huyatoa kwa kadiri yake bila kujua. Ukiyahesabu katika maandishi marefu ya kutosha, mkono wa mtu unaanza kuonekana. Wanaochunguza michoro ya zamani, alisema, hawakazii macho uso wa mtu aliyechorwa, kwa sababu uso kila mchoraji huuhangaikia. Wanaangalia masikio na kucha. Na huko kwenye maabara kazi moja huwa na majina mengi, na ugomvi mkubwa wa wanasayansi ni jina la nani litangulie.

"Kwa hiyo mkiniuliza nani aliandika," akasema, "mmeniuliza maswali mawili. Nani alishika kalamu, hilo linapimika. Kitu ni cha nani, hilo wataamua watu."

Hilo la pili lilinipita. Nilikuwa kijana, nilipenda lile linalopimika.

Akatutaka kila mmoja alete kurasa chache alizopiga mwenyewe, juu ya jambo lolote, bila jina. Juma lililofuata alizirudisha, akimpa kila mtu zake kwa kuhesabu maneno madogo tu, akilinganisha na kazi tulizompa zamani. Hakukosea, isipokuwa mahali pamoja: kurasa zangu alimpa rafiki yangu, na za rafiki yangu akanipa mimi. Darasa zima lilicheka. Alitusimamisha.

"Ninyi wawili munakulaka sahani moja?"

Ilikuwa kweli. Rafiki yangu alitoka Makobola, kwenye barabara ya Fizi. Mimi nilitoka Katogota, bondeni kwenye mpunga. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaa wa Mulongwe, tukipika sombe ya majani ya muhogo na ndagala kwenye mbabula moja ya makaa, na kila mmoja akisoma alichoandika mwenzake kabla hakijatoka mlangoni. Yeye alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Mimi nilihitaji siku nzima kujua kama nimeudhika. Nilipoolewa ndiye aliyenifunga kilemba. Nilipozaa binti yangu ndiye aliyemshika kwenye maji ya ubatizo, na tangu hapo tukaacha majina yetu, tukawa tunaitana komere, kama wanavyoitana huku wanawake waliobatiziana watoto.

Binti yule alikuja kwa kupasuliwa, wakati nilipobakiza sehemu ya tatu ya memwari yangu ya kumalizia masomo. Nilikuwa ninachunguza nyimbo za kwaya ya Nyakabere. Waumini wote walisema zilitungwa na katekista mmoja aliyekwisha kufariki, na mimi, kwa kuhesabu maneno madogo, nilikuwa nimeanza kuona mikono miwili. Sikuweza kukaa kitini. Komere akakaa miguuni pa kitanda, ordinateri mapajani, nikawa nasema yeye anapiga. Mtoto akilia anamchukua, akinyamaza tunaendelea. Mchana alinikorogea uji wa mtama. Siku ya kutetea memwari nilimtaja mbele ya watu wote, nikasema bila yeye nisingemaliza. Walimpigia makofi, naye akainuka akainama kama bibi arusi.

Miaka michache baadaye mto ulishuka na mawe na miti, ukapita katikati ya mitaa. Asubuhi yake, nikiwa nimesimama na wengine tukitazama mahali palipokuwa na nyumba, nilimwona mama mmoja akipanda kilima akiwa amebeba mlango kichwani. Mlango mzima, wa mbao, na kitasa chake. Nyumba ilikuwa imekwenda. Watu walimwambia, "Mama, uza hiyo ubao, upate ya kula." Alijibu bila kugeuka: "Nyumba inaanzia kwa mlango."

Sikumjua, wala sikumwona tena. Lakini maneno yake yalinikaa, nikaanza kuandika mchezo wa jukwaani. Mama mjane, mlango wake, na watu wanaokuja mmoja mmoja kumshawishi auze. Ile sauti ya mjane niliichota kwa mama yangu mzazi, ambaye huanza kila kauli ya hasira kwa kusema "Basi tena". Niliuandika jioni baada ya kazi ya kufundisha shuleni, na nilipofikia pale anapokuja mtu wa mwisho kutaka kuununua, nikakwama. Sikujua kama atauza.

Ndipo ziwa nalo likapanda. Maji yaliingia kwetu Kavimvira polepole, kama mgeni asiye na haya, kwanza uani, halafu jikoni. Mume wangu alikuwa kazini Kalemie. Nilimchukua mtoto, tukahamia kwa mama yangu, kule Katogota. Kabla ya kuondoka nilimpitia komere, nikampa mchezo wangu kwenye flashi, kwa sababu ordinateri yangu ilikuwa imekwisha kuharibiwa na maji.

"Soma," nilimwambia. "Uniambie kama mama anauzaka mlango ao hapana."

Alinipigia simu baada ya muda. Alikuwa ameusoma, alikuwa amelia. Alitaka kunieleza mawazo yake, na mimi nilikuwa shambani, mtoto ana homa, mpunga umelala chini kwa mvua. Nilimwambia: "Fanya unavyoona, komere. Minye sina kichwa sasa."

Maneno hayo nimeyageuza mara nyingi tangu siku ile. Ningemwambia hivyo yeyote aliyeshika sufuria yangu jikoni.

Tulikaa Katogota zaidi ya mwaka. Komere alipunguza simu, nikadhani ni shughuli. Nilisikia alijiunga na kikundi cha michezo ya jukwaani, nikafurahi kwa ajili yake. Maji yaliposhuka nikarudi mjini, na Jumapili ya kwanza jirani akaniambia kuna mchezo kwenye ukumbi wa parokia, watu wanausifu sana, twende. Nilimshika binti yangu mkono. Tulichelewa kidogo, tukakuta ukumbi umejaa, tukasimama nyuma karibu na madirisha.

Jukwaani alikuwa mwanamke amekaa juu ya mlango.

Kwanza nilifurahi. Kweli kabisa: moyo uliruka. Nilidhani komere ameniandalia jambo la kunishtua, kama alivyokuwa akifanya siku za kuzaliwa. Mjane akasema "Basi tena," na ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka pamoja nao huku machozi yanatoka, kwa sababu mama yangu alikuwa anasema kwa kinywa cha msichana wa Kalundu. Nilifuata kila neno. Niliyajua yanayokuja kabla hayajaja. Kisha tukafika mahali nilipokwama, na mchezo ukaendelea bila mimi. Mjane aliuuza mlango ili binti yake arudi shule, halafu akakaa chini pale mlango ulipokuwa, akawakaribisha watu waingie, mmoja mmoja, kupitia mahali pasipo na kitu. Ulikuwa mwisho mzuri. Nasema hivyo mpaka leo, na ndilo linalouma zaidi: ulikuwa mzuri kuliko ambao ningeupata.

Watu wakasimama. Kiongozi wa kikundi akapanda, akasema, "Sasa tumuite mwandishi wetu," na komere akapanda jukwaani amevaa kitenge kipya, akainama.

Nilingoja jina langu. Nilisimama pale na mtoto mkononi nikingoja litajwe, hata la pili, hata la kushukuriwa. Watu walikwisha kuanza kutoka, na mimi bado ninangoja.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi akipokea pongezi. Aliponiona uso wake haukubadilika mara moja, ulisita kwanza.

"Komere! Ulirudi lini?"

"Ile ni yangu," nikasema.

Alinishika mkono, akanivuta pembeni. "Weye uliniachia. Ulisema nifanye ninavyoona. Kile kitu kilikuwa kimekufa, minye ndiye nilikifufua."

"Nilikuambia usome."

"Mwaka mzima, komere! Haukuuliza hata siku moja. Minye nilikaa nayo, nikafunza wale watoto, nikatafuta sali ya kuchezea, nikaandika mwisho. Weye ulikuwa unalima mpunga."

"Na jina langu?"

Akatazama chini. Halafu akaniambia kwamba kuna nafasi ya kwenda kusomea michezo ya jukwaani ng'ambo, na wanaoitoa wanataka kazi ya mtu mmoja, siyo ya wawili. Alisema neno hilo kana kwamba nitamwonea huruma. Na kwa kweli, ule upande wangu uliozoea kumhurumia ulisogea kidogo, kabla sijauzuia.

Nilikwenda kwa kamati ya kikundi. Walikuwa watu watatu, wapole, hawakupenda ugomvi. Walinisikiliza, wakamsikiliza na yeye, wakaona hawana la kushika. Flashi, komere alisema, imepotea. Mimi nilichokuwa nacho kimebaki ndani ya ordinateri iliyokufa. Mmoja wao akakumbuka kwamba profesa wetu wa zamani anapima mambo ya aina hii, wakamwomba atusaidie. Nilitoka pale nikiwa nimetulia kabisa. Niliamini kipimo. Nilikuwa nimekitumia mwenyewe, nilijua hakimjui mtu wala hakimwonei aibu.

Kikao kiliahirishwa kwa sababu barabara ilifungwa, kisha kikaahirishwa tena. Hatimaye profesa akaniita ofisini kwake. Siku hizo nilikuwa nimeshaomba nafasi ya asistanti, mwalimu msaidizi, kwenye taasisi tuliyosomea, na yeye ndiye aliyenihimiza niombe. Alinikaribisha kiti, akafuta meza yake kwa kiganja kama alivyokuwa akifuta ubao.

"Ili nipime," akasema, "ninahitaji maandishi yako yasiyo na ubishi. Kitu ambacho kila mtu anakubali ni chako. Bila hicho, sina cha kulinganisha."

"Kuna memwari yangu."

Akatazama dirishani, kule ziwani.

"Mwenzako alikuja kuniona," akasema. "Anasema memwari aliiandika yeye. Anasema ulikuwa umezaa, unaumwa, hauwezi kukaa, na yeye ndiye aliyefanya kazi. Anasema wewe mwenyewe ulitangaza mbele ya watu kwamba bila yeye usingemaliza."

Nilimwona komere amekaa miguuni pa kitanda changu. Niliisikia sauti ya vidole vyake vikipiga. Angeweza kudai mchezo, ningepigana naye juu ya mchezo. Lakini alikuwa ameingia ndani ya chumba kile, kwenye siku zile ambazo sikuwa na mtu mwingine duniani, akatoka na fadhila yake mwenyewe ameigeuza kisu.

"Na wewe unaamini?" nilimuuliza profesa.

"Mimi siamini wala sikatai. Nilikuwepo ulipotetea. Ulijibu kila swali. Lakini kamati itaniuliza, na nikisema memwari ni yako, yeye atasema hapana. Nipe kitu ambacho hakukigusa."

Nilirudi nyumbani kutafuta. Nikagundua hakuna. Makala niliyoandika kwa jarida la parokia, yeye aliyasahihisha. Tangazo la kifo cha baba yangu tulilitunga pamoja, tukilia, tukibishana juu ya sentensi moja. Kila nilichoandika tangu ujana kilikuwa kimepita mikononi mwake, kama vyake vilivyopita kwangu. Tulikuwa tumejivunia hilo.

Kilichobaki ni ujumbe niliomwandikia mume wangu kwa simu alipokuwa Kalemie. Nilimwomba ruhusa. Akasema, "Kama itakusaidia." Nikampelekea profesa. Maneno ya mke kwa mume, karo ya mtoto, hofu ya maji, mambo ya kitandani tuliyoyafichaficha kwa mafumbo, yote yakapita mbele ya macho ya mwalimu wangu ili ahesabu mimi husema *lakini* mara ngapi na *ila* mara ngapi.

Alitoa jibu lake mbele ya kamati, komere ameketi upande ule, mimi upande huu. Alisema kwanza kwamba mchezo una mikono miwili. Sehemu kubwa ni mkono mmoja, na mwisho ni mkono mwingine. Juu ya hilo hakuwa na shaka. Kisha akasema ujumbe wangu ni mfupi mfupi, na lugha ya simu siyo lugha ya jukwaani, na sisi wawili tulisoma pamoja na kusahihishana hata tukafanana. Alisema inaelekea ile sehemu kubwa ni yangu.

"Inaelekea?" kiongozi wa kikundi akauliza. "Profesa, unaweza kuapa?"

"Kipimo hakiapi," akajibu. "Kinaelekea tu."

Nilimtazama komere. Nilidhani hapo atasema. Kulikuwa na kimya cha kutosha mtu kusema ukweli ndani yake. Alikuwa anaviringisha ncha ya kitenge chake kidoleni, akiitazama.

Kamati ikaamua majina yote mawili yaandikwe, la kwake litangulie kwa kuwa ndiye aliyeuleta mchezo kwenye kikundi. Nilisema sikubali. Wakaniambia kwa upole kwamba nisipokubali litabaki lake peke yake. Nikakubali. Nafasi ya asistanti alipewa mtu mwingine. Hakuna aliyesema wazi kwamba wananishuku. Waliniambia tu kwamba idara imeona ni vema kungoja mpaka mambo ya memwari yatulie. Profesa alipoleta habari hiyo alikuja mwenyewe hadi nyumbani, akanywa chai yote, akaondoka. Nimerudi kufundisha Kiswahili na Kifaransa shule ya sekondari, na ninaandika tena, taratibu. Ninachoandika hakisomwi na mtu mpaka kiishe. Kina makosa ambayo zamani yangeondolewa.

Yeye nafasi yake aliipata; huko walitazama jina lililotangulia. Alikuja kuaga siku mbili kabla ya kuvuka mpaka kwenda Bujumbura kupanda ndege. Nilikuwa uani ninachambua maharage. Binti yangu alimkimbilia, akamrukia kiunoni, naye akambeba ingawa sasa ni mkubwa, akampa biskuti, akamtuma akacheze.

"Komere," akasema.

"Usiniite hivyo."

Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, bila kukaribishwa. "Ile maneno ya memwari," akasema. "Niliogopa. Niliona nafasi inapotea. Nikasema, na ikishatoka kwa kinywa, hairudi."

"Ulijua ni uongo?"

"Nilijua."

"Basi pita kwa profesa leo, umuambie. Ofisi iko wazi mpaka saa tisa."

Alitazama mikono yake. "Wakisikia huko, wataniondolea nafasi."

"Weye unaniambia minye peke yangu, hapa kwenye maharage. Niifanyie nini?"

"Nilitaka ujue kwamba minye ninajua."

Niliendelea kuchambua. Mawe kando, maharage kwenye ungo. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema, na yote nilikuwa nimeyapanga kwa miezi, lakini nilipomwona amekonda vile, na viatu vyake vipya vya safari vimeshashika vumbi la kwetu, niliona nikianza nitalia, na akiniona nalia atanikumbatia, na akinikumbatia nitamsamehe kabla sijataka. Kwa hiyo niliinamia ungo.

Alikaa mpaka kimya kikamshinda. Akainuka, akajipangusa, akasema, "Basi, nakwenda."

Kwetu mgeni husindikizwa. Hata uliyegombana naye unamfikisha njiani, mnasimama kidogo, mnaachana. Nilimsikia akitembea polepole kuelekea barabarani, akinipa nafasi ya kumfikia. Aliposimama kusalimiana na jirani, alisimama kuliko inavyohitajika.

Sikuinuka.